Stendi za kuhifadhia na kusafirishia bloku za injini nzito: chuma gani, bolti gani, na zifungweje?

Karakana_Tabata

Wakuu, habari za kazi. Tuna bloku 14 za injini za dizeli za silinda sita, zote zimeshachongwa na kuoshwa, zimekaa sakafuni juu ya matairi chakavu. Ndogo ni za Cummins 6BT, lita 5.9. Kubwa ni za lita 12 hadi 14, zikiwemo za Cummins NT855; zikiwa na laina (mikebe ya silinda) na kepu za mein (vifuniko vinavyoshika krenkshafti), mizani inasoma kati ya kilo 340 na 420. Urefu wa kubwa kabisa ni kama mm 1,150. Zinatakiwa Mbeya na Mwanza kwa lori, na sita zitapanda meli kwenda Komoro ndani ya kontena la futi 20.

Wazo letu ni kunakili ile stendi ya gereji ya nguzo moja yenye kichwa kinachozunguka, ile inayokamata bloku kwa mgongo, tuikuze kwa chaneli nene na kuifunga magurudumu. Itafaa kusafirishia? Kama haifai, chuma cha ukubwa gani kinatosha bila stendi kuwa nzito kama mzigo wenyewe? Na tunaweza kupanga ghorofa mbili? Foklifti tunayokodi ni ya tani 3. Ndani tuna troli ya mkono ya paleti tu. Natanguliza shukrani.

Chuma_na_Moto

Mkuu, ya nguzo moja ibaki karakanani, na hata humo ni ya kufanyia kazi, si ya kuhifadhia. Bloku ya kilo 400 ambayo kitovu chake cha uzito kiko mm 450 kutoka kwenye pleti inaikunja shingo ya stendi kwa nyutoni-mita 1,770 hivi. Kama safu ya bolti za juu na safu ya chini zimeachana mm 300, za juu zinavutwa kwa kilo 600 lori likiwa bado halijawashwa. Likiruka tuta, zidisha mara mbili au tatu. Bolti yenyewe haikatiki: M12 (unene wa mm 12) moja ya daraja la nguvu 8.8 inabeba karibu tani 5 kabla haijaanza kurefuka. Kinachong'oka ni nyuzi za ndani ya kasti (chuma cha kumimina cha bloku), au sikio zima la bloku. Magurudumu nayo yasahau kwa stendi ya safari. Mzigo wenye magurudumu hautulii.

Tengeneza kitanda cha mstatili, bloku ikamatwe ncha zote mbili. Wengi hukimbilia kunenepesha chuma, kumbe uzito wa kushuka chini ndio rahisi kuliko yote. Chukua skwea paipu ya 100×50×3 iliyosimama kwa ubavu wa 100. Bloku ya kilo 400 ihesabu kama kilo 800 kwa sababu ya mitikisiko, zigawe kwa paipu mbili zenye nafasi ya mm 900 kati ya egemeo na egemeo, mzigo wote ukae katikati. Mkazo unaopata ni kama megapaskali 42, na chuma cha kawaida huanza kupinda bila kurudi kwenye 235 hadi 250. Chaneli nene ni kubeba uzito wa bure.

Tena chaneli ina kasoro nyingine hapa. Lori likifunga breki, bloku inasukuma mbele na pleti inayoikamata inajaribu kukigeuza kikatizo (paipu inayokatiza kitanda) kilichoishika. Paipu iliyofungwa pande zote inakataa kunyongwa. Chaneli iliyo wazi upande mmoja inajisokota kama kipande cha kadibodi.

Kipande kimoja cha mita 6 kinatoa kitanda kizima: virefu 2 vya mm 1,300, vikatizo 3 vya mm 800 vinavyoingia katikati yao (upana wa nje unakuwa 900), na miguu 4 ya mm 100. Inabaki nusu mita na ushee. Kwa kilo 6.7 kila mita, kitanda ni kilo 36 hivi. Ukiongeza pleti na nguzo, stendi inaishia kama kilo 65. Vikatizo viwe sawasawa na virefu kwa chini, visipande wala kushuka, ili meno ya foklifti yaguse kote. Kabla ya kulipia chuma weka venia (kipimo cha unene na kina) kwenye mdomo wa paipu, maana inayouzwa kama 3 mara nyingi inasoma 2.5.

Sasa kwenye mchomo, ambapo ndipo stendi hizi hufia. Pleti nene ukiisimamisha katikati ya uso wa paipu ya mm 3, uso unabonyea ndani hata kama mchomo ni mzuri wa kupigiwa picha. Pleti ilale ubavuni mwa kikatizo, ishuke urefu wote wa mm 100, ichomelewe juu na chini mahali penye kona ya paipu, maana kona ndiyo yenye nguvu. Na bolti yoyote inayopita paipu kwa paipu iwekewe bushi ndani, yaani kipande cha bomba kilichochomelewa pande zote mbili. Bila bushi unakaza, paipu inaminyika, kesho bolti imelegea, unakaza tena, inaminyika tena.

Venia_na_Patani

Naongezea upande wa kukamata bloku, maana hapo mkuu hapo juu amepita haraka.

Usiikabe kwa pembe nne. Kitanda cha chuma hujinyonga lori likipita shimoni gurudumu moja, na bloku iliyokazwa pembe nne inalazimishwa kujinyonga nacho. Kasti haikubali mchezo huo. Nyuma weka pleti ya mm 12 yenye bolti nne kwenye matundu ya belhauzi (nyumba ya flaiwili inayofungwa mgongoni mwa bloku), na mgongoni mwa pleti mbavu mbili za pleti ya mm 8, la sivyo pleti yenyewe itapinda kwenye breki kali. Mbele weka mkono mmoja wa pleti uliofungwa kwenye matundu ya kava la gia au ya maunti, wenye pini ya mm 25 iliyolala kwa urefu wa bloku ndani ya bushi. Mbele inabeba uzito na kuzuia kuyumba kushoto kulia, lakini inaruhusu kitanda kigeuke kidogo bila bloku kugeuka. Pini iwe na washa pana na kipini cha kufungia kwa nje.

Vile vipimo vya belhauzi vya kiwango cha SAE (SAE 1 ina matundu 12 kwenye mduara wa mm 530, SAE 3 yako kwenye mm 428.6) ni vya upande wa giaboksi. Bloku tupu imeshavuliwa belhauzi, na mgongo wake una matundu yake tofauti kwa kila injini. Usichonge pleti kwa kutazama jedwali. Toa patani: weka karatasi ya gasketi mgongoni mwa bloku, ishike kwa bolti mbili, kisha gonga polepole kingo za kila tundu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo hadi karatasi ikatike yenyewe. Hamisha kwenye pleti kwa senta panchi. Tundu la pleti lizidi bolti kwa mm 1 tu.

Nyuzi nazo muwe macho, kwa sababu mna familia mbili. 6BT ni milimita, NT855 ni inchi. Bolti ya 3/8 UNC (nyuzi za inchi) ina hatua ya mm 1.59 kati ya uzi na uzi, ya M10 ni 1.5, 3/8 inaingia kwenye tundu la M10 mizunguko kadhaa na mkono unakudanganya kwamba imekaa. Ukija na spana unachana nyuzi. Paka kila pleti rangi kulingana na familia yake na bolti zake zifungwe humo humo kwenye mfuko.

Kina cha kuingia: kwenye kasti angalau mara moja na nusu ya unene wa bolti, kwa hiyo M12 iingie mm 18. Lakini matundu mengi ni vipofu. Pima kina kwa venia, ongeza unene wa pleti na washa, ndipo uchague urefu. Bolti ikigonga mwisho wa tundu kabla ya kichwa kukaa, unaendelea kukaza na kasti inapasuka kutoka ndani, na ufa huo huuoni mpaka maji yaanze kuvuja. M12 ya 8.8 ikaze kwa nyutoni-mita 60 hadi 70, inatosha kabisa kwa stendi.

Karakana_Tabata

Nashukuru sana wakuu. Maswali mawili. Tukichonga matundu marefu kwenye pleti ya nyuma ili pleti moja ishike injini zote, kuna ubaya? Na kwa zile ndogo, si tunaweza kuzilaza tu kwa uso wa sampu (uso wa chini, panapofungwa bakuli la mafuta) juu ya mbao mbili na kufunga mikanda, tuokoe pleti?

Venia_na_Patani

Matundu marefu ni sawa kwa stendi ya kukaa karakanani. Safarini bolti inatambaa ndani ya tundu refu, kwa sababu kinachoishikilia ni msuguano peke yake. Afadhali upande wa kitanda uwe mmoja kwa wote, mfano bolti nne za M16 kwenye mstatili wa 300 kwa 200, halafu kila aina ya injini iwe na pleti yake inayofungwa hapo. Vitanda 14, pleti za aina tatu au nne. Injini mpya ikija unachonga pleti, sio stendi.

Kulaza kwa uso wa sampu inawezekana kwa bloku ndogo kama kepu za mein hazishuki chini ya uso huo. Weka rula ya chuma kuanzia ukingo hadi ukingo uone. Zikishuka, mbao mbili ndefu zipite kingoni tu, nje ya kepu, na ziwe na urefu wa kwenda juu wa kutosha. Kepu zenyewe zirudishwe kila moja mahali pake kwa namba yake na zikazwe, zisifungwe kwenye mfuko.

Kisichokubalika ni kulaza kwa uso wa hedi. NT855 ina laina za maji ambazo kwa makusudi zinachomoza juu ya uso wa bloku kwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, ili gasketi ibane. Ukiigeuza, kilo 400 zinakalia midomo ya laina sita. 6BT haina laina, silinda zimechongwa kwenye bloku yenyewe, lakini mkwaruzo mmoja kwenye uso wa hedi unakurudisha kwenye mashine ya kusaga. Juu funika kwa plaiwudi ya mm 12 iliyokatwa kwa patani ya gasketi ya hedi, ishikwe na bolti nne za hedi zilizokazwa kwa mkono.

Mzigo_Kurasini

Nizungumzie lori na kontena, kwa sababu naona mnajenga kitanda kizuri kisha kitapinduka.

Kwanza tafuteni kitovu cha uzito cha kila aina. Laza bloku juu ya vyuma viwili vya duara vilivyoachana mm 1,000, kila kimoja juu ya mizani. Nyuma ikisoma 230 na mbele 170, jumla 400, basi kitovu kiko mm 575 kutoka chuma cha mbele. Hapo ndipo katikati ya kitanda, sio katikati ya urefu wa bloku. Mkikosea, foklifti inainua upande mmoja kwanza.

Kanuni za kimataifa za kupakia makontena zinataka mzigo uhimili msukumo wa 0.8 ya uzito wake kwenda mbele barabarani na 0.5 kwenda ubavuni. Baharini kwenye bahari kali, ubavuni inafika 0.8. Kwenye stendi yenu kitovu kitakuwa kama mm 500 kutoka sakafuni. Kitanda cha upana wa 700 kina nusu upana wa 350, na 0.8 mara 500 ni 400: kinapinduka. Cha 900 kina 450: kinasimama. Kwa hiyo mtu akiwashauri mpunguze upana kuokoa chuma, mwacheni apite. Mkipanga ghorofa mbili, kitovu cha pamoja kinapanda hadi karibu mm 975 na rundo linaanguka kwa 0.46 tu. Ghorofa mbili baharini lazima zikingwe kwa juu kwa mbao za kubana kutoka ubavu hadi ubavu wa kontena. Barabarani, kupita mlima Kitonga wenye kona kali na ghorofa mbili kwenye gari la wazi mimi nisingeruhusu hata kwa mikanda kumi.

Kontena la futi 20 lina upana wa ndani wa mm 2,350 na mlango wa 2,340. Safu moja ya stendi iwekwe kwa upana (1,300 ikitazama mlango), na safu ya pili kwa urefu (900 ikitazama mlango): 1,300 na 900 ni 2,200, inaingia. Kwa urefu wa ndani wa mita 5.9 mnapata 6 upande mmoja na 4 upande wa pili, jumla 10 chini bila kupandisha. Kwa bloku zenu sita hakuna haja ya ghorofa kabisa.

Mkanda usipite juu ya bloku. Unakatwa na kingo, na ukilegea bloku yote imelegea. Chomeleeni pete nne za nondo ya mm 16 kwenye virefu, mfunge kitanda, sio injini. Kumbukeni pete za chini za kontena kwa kawaida zimepimwa kwa tani moja kila moja, hivyo mkanda wa racheti wa tani 2.5 hauongezi chochote kama umefungwa kwenye pete moja. Chini ya miguu wekeni mikeka ya mpira ya kuzuia kuteleza. Chuma kwenye chuma ni kama sabuni. Nafasi zinazobaki zijazwe mbao na kupigiliwa misumari sakafuni.

Na hizo mbao: mzigo ukitoka nje ya nchi, mbao nzima zenye unene unaozidi mm 6 ziwe zimepitishwa moto, nyuzi 56 kwa dakika 30 hadi kwenye kiini, na ziwe na mhuri wa HT. Stendi ya chuma haihusiki, plaiwudi haihusiki, lakini kabari moja ya msonobari isiyo na mhuri inaweza kuzuia kontena zima.

Chuma_na_Moto

Kweli kabisa kuhusu upana. Niweke sawa jambo la troli, kwani wachomeleaji wengi huliharibu. Msifunge chini ya miguu kwa flatibaa ya kuunganisha mguu na mguu. Troli ya paleti inaingia ikiwa imeshuka mm 85, kisha vigurudumu vya mbele vinashuka sakafuni ili kuinua. Vikikutana na flatibaa vinaisukuma stendi badala ya kuinua. Miguu ya mm 100 iachwe wazi pande zote nne, kila mguu na kisahani cha 120×120×6. Upande mfupi mnapata nafasi ya mm 730 kati ya visahani: troli ya upana wa 540 inaingia vizuri, ya 685 inaingia kwa kubembeleza. Ili foklifti isiteleze, chomelea vipande vya angle line ya 50 vikining'inia kando ya mahali meno yanapoingia.

Nguzo za ghorofa zisichomelewe. Soketi za skwea ya 60×60×3, nguzo za 50×50×3 urefu wa mm 750, pini ya M12. Tupu zinarudi kutoka Mbeya zikiwa zimebebana nane nane badala ya kujaza gari kwa hewa. Juu ya nguzo weka kikombe cha angle line chenye midomo iliyokunjwa nje kidogo, kilegee mm 5 kwa kila upande, maana sakafu za yadi zetu hakuna iliyo sawa.

Ziba ncha zote za paipu kwa kisahani, halafu toboa tundu la mm 8 chini. Mvua za masika zikiingia ndani ya paipu zisipate pa kutokea, kutu inaila kutoka ndani na rangi ya nje bado inang'aa.

Kutu_Kigamboni

Hewa ya pwani hii, uso uliosagwa leo usipopakwa kitu, keshokutwa una rangi ya chai. Mafuta ya injini ya kawaida hayatoshi kwa zaidi ya siku chache, yanachuruzika. Tumieni mafuta mazito ya kuzuia kutu, yaingie kwa brashi hadi ndani ya njia za mafuta na matundu ya bolti, baada ya kupuliza kila tundu kwa kompresa. Tundu la bolti lenye tone la maji ya kuoshea ndilo huanza kuoza.

Kisha plastiki yenye dawa ya mvuke ya kuzuia kutu, na mifuko ya kufyonza unyevu ndani. Bloku iwe kavu na ya joto la chumba kabla ya kufunga; ukiivika plastiki ikiwa na baridi ya usiku au unyevu, umeifungia jasho lake. Katoni isiguse chuma, inavuta maji. Mbao zilizotiwa dawa ya kijani ya mchwa nazo zisiguse uso uliochongwa: dawa hiyo ina shaba, na zikilowa zinakula chuma. Chini ya uso wa sampu wekeni vipande vya nailoni vya mm 10.

Karakana_Tabata

Safi sana. Tunaanza na stendi moja ya majaribio. Tuipimeje kabla ya kukata chuma cha zile 13?

Chuma_na_Moto

Pima pembe kwa pembe juu ya kitanda, andika namba mbili kwa chaki ya chuma. Pakia kilo 630, yaani mara moja na nusu ya bloku nzito, inua kwa foklifti mm 100 upande mrefu, acha dakika kumi, rudia upande mfupi, kisha iache usiku kucha ikisimama kwa miguu mitatu: weka kipande cha mm 10 chini ya mguu mmoja ili mguu wa jirani yake uning'inie. Asubuhi toa mzigo, pima tena pembe kwa pembe. Tofauti ikizidi mm 2, au ukiona rangi imepasuka kandokando ya mchomo wowote, hasa pale pleti ya nyuma inapokutana na kikatizo, saga mchomo huo uone ndani. Ukikuta vitundu kama sifongo, vijiti vyako vya kuchomelea vimevuta unyevu. Fungua pakiti mpya, na ikiwa ni vya 7018 vipitishe kwenye oveni kwanza. Gonga uzito wa stendi tupu na namba yake kwa stampu ya chuma kwenye kirefu cha kulia. Rangi ya kuandika itafutika kabla ya Chalinze.